Sura ya Tano: Nyayo Zilizoacha Tuta

Inspekta Zephaniah Makokha alikaribishwa katika skimu ya mpunga ya Komolo kwa donge la tope lililompata begani. Hakumwona aliyelitupa. Wakulima walikuwa wameinama kwenye mpunga, kila mmoja akipalilia kwa bidii ya kutia shaka, na hakuna aliyeinua uso.

"Asante," alisema Makokha kwa sauti, akijipangusa. "Hili koti lilikuwa safi kupita kiasi."

Mtu mmoja akacheka, halafu akakumbuka kwamba amekasirika, akanyamaza.

Walikuwa na haki ya kukasirika. Mwaka ule wa sabini na nne mto Malaba ulikuwa umepungua hata ng'ombe walivuka kwenda Uganda bila kulowa tumbo na bila kuonyesha karatasi. Ofisi ya skimu ikaamua kubana maji. Kila shamba lilipewa nusu siku kwa juma, ubao mmoja tu wa lango la maji uinuliwe, na mkulima atakayezidisha anyang'anywe shamba. Wa kuhakikisha hayo alikuwa Lazarus, askari wa maji, mtu waliyemchukia kuliko viwavi. Jana mchana Lazarus alikutwa amelala kifudifudi kwenye lango la shamba la mkulima mmoja, Etyang, kisogo kimepasuliwa, mbao zote za lango zimeng'olewa.

Juma lililotangulia Etyang alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba siku moja atamzika ndani ya mfereji wake mwenyewe. Polisi wa Malaba hawakutaka kusikia zaidi. Sasa Etyang alikuwa amekaa nyuma ya landrova mbele ya ofisi, pingu mikononi, akingoja kupelekwa Busia kushtakiwa kwa mauaji. Na mauaji yalikuwa na hukumu moja tu, nayo ilikuwa ya kamba.

Landrova haikuwa imeondoka kwa sababu ilikuwa na pancha, na gurudumu la spea nalo lilikuwa na pancha. Dereva alikuwa amechuchumaa na gundi yake, akitukana misumari ya Kenya na ya Uganda bila kubagua. Makokha alikuwa na muda wa pancha mbili kuchunguza kesi ambayo wenzake walikuwa wameshaifunga.

"Muuaji yuko kwa gari," alisema Bwana Okiror, meneja wa skimu, mtu mnene aliyezoea kusimama karibu na mtu ili amtishe kwa tumbo. "Wewe unatafuta nini tena kwa tope?"

"Mtaimbo."

"Mtaimbo gani?"

"Ule Lazarus alikuwa anabeba wa kung'olea mbao za lango. Daktari anasema alipigwa kwa chuma. Mtaimbo haupo."

"Muulize Etyang."

"Nimemuuliza. Amemtukana mama yangu kwa Kiteso, halafu akarudia kwa Kiswahili ili nisikose chochote."

Pembeni ya meneja alisimama Paulinus, msimamizi wa maji. Alikuwa kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na gambuti zinazong'aa kama sufuria mpya. Paulinus alipanga zamu, Lazarus akazisimamia. Lawama zote zilimwangukia Lazarus, kwa kuwa Paulinus alikuwa hashuki shambani ila jua likiwa limepoa.

"Inspekta, hawa watu huwajui," alisema Paulinus. "Ukipepesa jicho tu wamefungua. Etyang alifungua, marehemu akamkuta, akamaliza marehemu. Ni hesabu ya darasa la pili."

"Basi njoo unifundishe, maana mimi la pili nilirudia."

Wakaenda langoni watatu, na Konstebo Ochom nyuma yao. Lango lilikuwa kinywa cha saruji ukingoni mwa mfereji mkubwa, na mbao zake bado zilikuwa zimetupwa chini, magunia ya mchanga yakizuia maji mahali pake. Makokha hakutazama damu. Alilipita lango, akaingia shambani kwa Etyang, akachuchumaa, akatia kidole kwenye ufa wa udongo. Kidole kikazama chote, kikatoka na vumbi.

"Lango lilikaa wazi kwa muda gani?"

"Mpaka tulipopata maiti. Muda mrefu," alisema meneja.

"Mbona shamba limepasuka hivi?"

Makokha alirudi nyuma ya lango. Hapo kila mkulima huweka kizibo cha udongo na nyasi siku isiyo zamu yake, ili maji yanayovuja langoni yasiingie shambani akatozwa faini. Kizibo cha Etyang kilikuwa pale pale, kizima na kigumu kama tofali. Maji yalikuwa yamefika, yakagonga kizibo, yakapinda kwenye mtaro wa kando na kurudi mtoni.

"Kwa hivyo Etyang ameua mtu," alisema Makokha, "ili aurudishie mto maji yake. Mtu mkarimu sana."

"Alikosa nafasi ya kutoa kizibo," alisema Paulinus.

"Kizibo ni cha kupiga jembe mara moja tu. Mbao hizi zote ni kazi ya kutoa jasho. Mwizi wa maji huanza na kizibo. Aliyefungua hapa hakuwa na haja ya maji. Alitaka lango lionekane limefunguliwa."

Bwana Okiror alisema kwamba serikali haikumtuma mtu kutoka Busia kuja kupiga porojo na udongo. Akaondoka kwa hasira, Paulinus akamfuata.

Hawajafika mbali, sauti ya mwanamke ikasikika ikija na tuta, ikiwatukana polisi mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Ochom alisogea karibu na bosi wake.

"Afande, ni yule Nusura, mfanyabiashara wa Busia mjini. Aligombana na marehemu jana asubuhi. Na mpira wa pampu tuliokuta hapa langoni ni wake."

Nusura alifika, buibui limekunjwa juu ya tope, mwavuli mkononi kama rungu.

"Mpira wangu uko wapi?"

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Mpira wangu uko wapi?"

"Uko polisi. Uligombana na Lazarus juu yake."

"Na nani hakugombana naye? Ameuchukua kwa lori langu, ati naibia nao maji. Mimi nina shamba? Mpira ni wa kunyonyea dizeli, boss. Ama siku hizi dizeli pia ina zamu?"

"Na jana mchana ulikuwa wapi?"

"Malaba, kwa kizuizi. Polisi alishusha magunia yangu yote, akapandisha, akashusha tena. Si ni huyu?" Mwavuli ulinyooshwa kifuani mwa Ochom.

Ochom alitazama buti zake. "Ni kweli, afande. Alikuwa na mimi mpaka jioni."

"Na ulingoja nini kuniambia?"

"Hukuniuliza, afande."

Makokha alivuta pumzi. "Ulikuwa unatafuta nini kwenye hayo magunia?"

"Kahawa ya magendo."

"Akapata vitunguu," alisema Nusura. "Kimoja akakitia mfukoni. Mwambie akitoe, kama mke wake hajakikaanga."

"Vitunguu vya wapi, mama?"

Nusura alifunga mwavuli polepole. "Vya hapa hapa."

"Hapa wanalima mpunga peke yake. Ni sheria ya skimu."

"Sawa. Basi nimenunua mpunga wenye harufu kali."

"Kwa nani?"

"Mimi nanunua kitunguu, boss, sinunui jina la mtu. Lakini kitunguu hakikui kwa mate. Waulize wanaogawa maji, kisha mniletee mpira wangu."

Akageuka, akaondoka akiendelea na orodha ya vyeo pale alipokuwa ameiachia.

Nyuma ya kota za wafanyakazi, ng'ambo ya mashamba, Makokha aliona ukanda wa kijani. Sehemu nyingine zote zilikuwa za manjano. Ukanda ule ulikuwa kijani cha kutukana watu. Njia kavu ya kutoka langoni kwenda kota ilikuwa moja tu, tuta refu lililopita katikati ya mpunga. Aliinama, akaanza kulitembea akiwa amekodoa macho kama mtu aliyepoteza jino.

Kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, zimeachana mno. Mtu alikuwa amekimbia kutoka langoni kuelekea kota, viatu amevivua. Tope lilikuwa limezibomoa, hazikufaa kupimwa. Ila mwendo wake ulisomeka. Zilikwenda moja kwa moja mpaka shamba la kona, kisha ghafla zikaacha tuta. Zilishuka kwenye tope lililoachwa na zamu ya juzi, zikazunguka mbali katikati ya mpunga wa mtu, zikapanda tena tutani mbele kabisa.

Tuta lenyewe lilikuwa zima. Halikukatika wala halikulowa.

"Labda aliteleza, afande," alisema Ochom.

"Mtu huteleza mara moja. Huyu ameteleza nusu duara."

"Labda aliona nyoka."

"Ametoka kuua mtu, nyuma yake kuna maiti, mbele kuna kota, na bado anazunguka kwenye tope la kufika mapajani. Huyo nyoka lazima alikuwa na cheo."

Mahali nyayo zilipoacha tuta, hatua chache mbele, palikuwa na lundo la magugu yaliyonyauka tangu jana. Mtu alikuwa amekaa pale akipalilia. Ndani ya shamba hilo hilo alikuwapo mama wa makamo, kitambaa kimefungwa kichwani kwa fundo la ugomvi. Ochom alisema anaitwa Roselida, mjane.

"Mama, habari ya kazi?"

"Kazi iko. Habari hakuna."

"Jana mchana ulikaa hapa tutani ukipalilia."

"Sasa mmemaliza kupima maji, mnapima na magugu?"

Kicheko kikapita kwenye mpunga kama upepo.

"Kuna mtu alipita hapa akikimbia."

"Sikuona mtu."

"Alipita kwenye mpunga wako, mama, hapo. Tope mpaka mapajani. Hata kishindo hukusikia?"

"Mpunga una vyura. Nasikia vyura tangu nizaliwe, sijawahi kuitiwa polisi."

Wakacheka tena, na mwingine akauliza kama chura naye atapelekwa Busia kwa landrova. Makokha aliwaacha wacheke. Yeye alikuwa mtu wa Khunyangu na alikuwa ameoa Nambale, na kote huku mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Mwezi uliopita, sokoni Bumala, alimwona mama mkwe wake akija moja kwa moja mbele yake, akajitupa nyuma ya magunia ya mtama, afisa wa polisi mzima, akakaa huko siafu wakimla mpaka yule mama alipomaliza kununua chumvi. Hakuna aliyemcheka. Mwenye magunia alimsogezea gunia jingine ili ajifiche vizuri.

Alimkaribia Roselida, akashusha sauti.

"Mama, sikuulizi ulimwona nani. Nakuuliza ni nani uliyemgeuzia mgongo."

Mkono wa Roselida ulisimama kwenye magugu.

"Toka kwa mpunga wangu," alisema.

"Etyang atanyongwa, mama."

"Toka kwa mpunga wangu, mwanangu, kabla sijakutia jembe."

Makokha akatoka.

Nyuma ya kota alikuta vitunguu vilivyonona kama mashavu ya watoto wa tajiri. Bomba lilikuwa limefukiwa kutoka mfereji mkubwa, na mahali fulani udongo ulikuwa umefukuliwa upya, bomba likaonekana. Juu yake palikuwa na mikwaruzo mipya ya chuma. Lazarus alikuwa ameligundua, akaanza kuling'oa kwa mtaimbo wake. Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba zote, na wafanyakazi wote walioulizwa walijibu kwamba vitunguu vile vimejiotea.

Honi ya landrova ikalia. Pancha zilikuwa zimekwisha.

Makokha alimkuta meneja mlangoni mwa ofisi. "Bwana Okiror, kati ya watu wako wanaokaa kota, nani ameoa hapa skimuni?"

"Ni Paulinus peke yake. Ameoa kwa yule mjane wa shamba la kona. Mimi mwenyewe nilikula ng'ombe wa harusi. Kwa nini?"

"Napenda habari za harusi. Mwite."

Alimwambia dereva asogeze landrova mpaka mwisho wa tuta, mahali mahabusu ataona kila kitu. Kisha akamgeukia Paulinus.

"Nionyeshe njia ya kwenda kwako, bwana msimamizi. Tangulia."

Paulinus alitangulia, gambuti zikilia. Meneja alifuata, kisha Makokha na Ochom. Wakulima wakaanza kunyooka mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyejifanya tena kupalilia. Roselida alikuwa amerudi tutani, amekaa pale pale karibu na lundo la magugu, uso ameuelekeza chini.

Paulinus alipomwona, akasimama. Mguu wake wa kulia ulikuwa tayari umeelekea kwenye tope. Hapo ndipo alipoziona nyayo za jana zikishuka mbele yake, na Makokha nyuma akiwa amekunja mikono, akingoja kama mtu anayengoja chai.

Paulinus aliurudisha mguu. Akatabasamu.

"Kumbe ndiyo hiyo hila yako, Inspekta. Unadhani mimi ni mshamba? Haya mambo ya kumkimbia mama mkwe ni ya wazee. Mimi nimesoma."

Akatembea tutani wima mpaka kwa Roselida. Akainama, akauchukua mkono wake, akautikisa.

"Mama, habari ya mchana?"

Jembe la mtu lilianguka majini. Mzee mmoja alitema mate, akageuza uso asione zaidi. Mama mmoja alijifunika macho kwa viganja. Mkono wa Roselida ulikuwa umelala ndani ya mkono wa Paulinus kama samaki aliyekwisha kufa.

"Umeona?" Paulinus alimgeukia Makokha. "Sina sababu ya kuzunguka mtu. Hizo nyayo si zangu. Peleka muuaji wako Busia."

Bwana Okiror akacheka mpaka tumbo likacheza. Makokha alikunjua mikono. Mtego ulikuwa mmoja, na panya alikuwa ameukalia juu akijisafisha ndevu. Kule landrovani Etyang aliweka kichwa juu ya pingu.

Roselida aliuvuta mkono wake. Akasimama. Akamtazama Paulinus usoni, tena kwa makini, kama mtu anayesoma bei.

"Kumbe huu ndio uso wako," alisema.

"Mama..."

"Nyamaza. Tangu umchukue binti yangu sijawahi kuutazama. Jana ulinikuta nimekaa hapa. Ukaniheshimu, ukashuka kwa tope. Na mimi nikakuheshimu, nikakupa mgongo. Leo nimemdanganya huyu askari, na jirani yangu Etyang nikamwacha afe, kwa ajili ya heshima hiyo. Sasa umenishika mkono mbele ya watu kama unanunua kuku. Basi hakuna ukwe tena. Na mtu asiye mkwe wangu, jina lake nalitaja."

Akamgeukia Makokha.

"Ni Paulinus. Alitoka kwa lango la Etyang mbio, viatu mkono mmoja, mtaimbo mkono wa pili. Wengine walikuwa wameenda kula. Nilimwona kutoka mbali, ndipo nikageuka. Alipokuwa nyuma yangu nikasikia kitu kizito kikianguka kwa maji. Pale, kwenye majani marefu. Na hicho hakikuwa chura."

Ochom alishuka bila kuambiwa. Alipapasa kwenye majani, akazama mpaka kwapani, akatukana, akapapasa tena. Alipoinuka alikuwa ameshika chuma kirefu kinachodondosha tope, na tope lilipodondoka likaacha nywele zimenasa kwenye ncha.

Paulinus aliangalia upande wa kota. Tuta lilikuwa limejaa watu. Akaangalia upande wa lango, huko nako walikuwa wamepanda, majembe begani. Kwa mara ya kwanza tangu maji yabanwe, skimu nzima ilikuwa kwenye zamu moja.

"Nilimfuata langoni nikamsihi, bado alitaka kunipeleka kwa meneja," alisema Paulinus. "Kwa ajili ya vitunguu. Askari wangu mwenyewe." Kisha akamgeukia Roselida. "Mama, fikiria wajukuu wako."

"Hao ni wangu," alisema Roselida. "Wewe ni nani?"

Pingu iliyokuwapo ilikuwa ni moja tu, kwa hivyo ikabidi Etyang afunguliwe kwanza. Alishuka garini akijisugua mikono. Hakumshukuru mtu.

"Zamu yangu ilikuwa leo asubuhi," alimwambia meneja. "Nilikuwa nimekaa kwa gari lenu. Nani ananipa maji yangu?"

"Zamu ikipita imepita," alianza Bwana Okiror. "Sheria inasema..."

Hakumaliza. Mbele yao Roselida alikuwa amefika kwenye lango la shamba lake. Alishika ubao wa juu kwa mkono wa kushoto, akaung'oa, akautupa. Maji ya mfereji yalipasuka yakaja. Akachuchumaa, akautia humo mkono wake wa kulia mpaka kwenye kiwiko, akaanza kuusugua kwa mchanga, kwanza kiganja, kisha kidole kimoja kimoja, na maji yakawa yanampita yakienda yalikotaka.

Siku hiyo haikuwa zamu yake. Askari wa maji alikuwa amekufa, na msimamizi wa maji alikuwa akipandishwa garini. Watu wote waligeuka kumtazama meneja. Bwana Okiror alitazama saa yake, kisha akaanza kutembea kurudi ofisini.

Roselida aliendelea kuosha.